Maili za ndege: usitupe kadi ya kupandia!

Wadau, hata huku Sumbawanga wanaosafiri kwa ndege wapo. Baba mdogo alifuata mzigo Guangzhou, aliporudi kadi za kupandia ndege akazitupa stendi. Maili hazijaingia mpaka leo.

Iko hivi. Ethiopian na Turkish wote wamo Star Alliance (Ethiopian waliingia 2011), kwa hiyo ukipanda Ethiopian, maili zinaweza kuingia akaunti yako ya Turkish. Safari moja akaunti moja tu, huwezi kula huku na huku. Namba ya uanachama itoe unapokata tiketi, na jina liwe kama la pasipoti. Ila tiketi nyingine za bei chee hazina maili kabisa!

Zisipoingia, dai kwa shirika lenye akaunti yako, siyo ulilopanda. Watataka namba ya tiketi, tarakimu 13 (za Ethiopian huanza na 071), na kadi ya kupandia. Muda wa kudai ni miezi, siyo miaka.

Ya baba mdogo tumeifukua tiketi kwenye imeili hapa kafe. Namba ipo, kadi hakuna. Tumetuma hivyo hivyo.