Soma Kitako Kabla Uuze kwa Kilo

Wasee wa Majengo, hii mtu wa skrepa hataipenda: ganda la risasi la kitambo si shaba tu ya kupimwa Gikomba kwa kilo. Ni karatasi ya historia, na mwaka wake umechapwa chini.

Mimi hukusanya maganda matupu, hasa ya upande wa Taita Taveta. Kule Salaita, Maktau na Taveta, Waingereza na Wajerumani walipigana kati ya 1914 na 1916. Muuzaji yeyote atakuapia kwamba lake ni la Vita Kuu ya Kwanza. Usibishane naye, geuza tu uangalie kitako.

Kama kitako kina ukingo uliotokeza, na kuna alama ya mshale mpana, hiyo ni .303 ya Mwingereza. Mshale ni kusema ni mali ya serikali. K ni kiwanda cha Kynoch, Birmingham. VII ni aina ya risasi yenye ncha kali iliyoanza 1910. Tarakimu mbili ndizo mwaka: 15 ni 1915. Ukiona 41, pole, hiyo ni ya vita ya pili. Na kumbuka, huo ni mwaka wa kutengenezwa, si wa kupigwa.

La Mauser ya Mjerumani halina ukingo uliotokeza, lina mfereji. Lenyewe huandikwa mpaka mwezi. Ukipata ganda nene la milimita 11, hilo ni la bunduki ya modeli ya 1871. Askari wengi wa Mjerumani walianza vita nayo, na baruti yake nyeusi ilitoa moshi mpaka adui akajua umejificha wapi.

Mambo mawili. Usisugue ganda ling'ae, utafuta maandishi. Na kama risasi bado ina kichwa, ama umepata bomu, usiguse hata kidogo, ita polisi. Risasi nzima bila leseni ni kesi, na bomu la miaka 100 bado linaua.

Sasa hapa ndipo roho huniuma. Kipande cha chuma kina kiwanda, mwezi na mwaka. Je, waliokibeba? Kariokor hapo jirani ni "Carrier Corps" ikitamkwa kwa ulimi wetu. Inakadiriwa watu 45,000 hivi kutoka Kenya walikufa kwenye vita hiyo, wengi wao wapagazi, na wengi waliuawa na magonjwa na njaa, si risasi. Kwa hivyo hata maganda yangu hayawezi kuwatolea ushahidi.

Nenda Kenyatta Avenue uangalie zile sanamu tatu za 1928. Maandishi yake yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Tafuta jina hata moja pale. Hakuna. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali yenyewe kwamba Waafrika wengi hawakuandikwa kwa majina.

Hiyo kazi ni yetu basi. Kama kwenu kuna shosho anayejua ni nani wa ukoo alichukuliwa Kariokor, muulize wiki hii. Andika jina, alikotoka, alikopelekwa, na kama alirudi. Ganda linaweza kungoja miaka mingine 100. Shosho hawezi.