Maeneo ya kihistoria mjini Songea

Maeneo ya kihistoria mjini Songea ni makaburi, makumbusho, sanamu na makanisa yanayopatikana katika mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma kusini mwa Tanzania, pamoja na abasia ya Peramiho iliyoko kilomita 24 hivi magharibi kwa mji. Mengi yanahusu Vita vya Majimaji (1905–1907) na watu wa kabila la Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Yale yaliyo katikati ya mji hayako mbalimbali sana, na mgeni mwenye miguu mizima anaweza kuyapitia kwa siku moja. Peramiho inahitaji usafiri wa gari.

Mgeni aliyezoea miji ya pwani kama Kilwa, Bagamoyo au Mji Mkongwe wa Zanzibar hatakuta hapa milango ya nakshi wala magofu ya mawe ya matumbawe. Songea haina jengo la Wangoni lililosalia kutoka karne ya 19. Nyumba zao zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi, vitu ambavyo havidumu. Tena wakati wa vita jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi. Kwa hiyo kumbukumbu ya Wangoni wa zamani mjini haimo katika majengo. Imo katika makaburi, majina ya mahali na simulizi za wazee, na katika sanamu zilizotengenezwa miaka mingi baadaye.

Asili ya mji

Wangoni walifika eneo hili katikati ya karne ya 19 baada ya safari ndefu iliyoanzia Afrika Kusini wakati wa misukosuko ya enzi za Shaka Zulu. Mashariki kwa Ziwa Nyasa walianzisha dola mbili: Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini. Kila dola ilitawaliwa na nkosi, yaani mfalme, ambaye chini yake walikuwepo manduna, viongozi wa majeshi na wa maeneo.

Mmoja wa manduna wa Njelu aliitwa Songea Mbano. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha kijeshi mwaka 1897 walikiweka katika eneo lake, na kituo kikaitwa kwa jina lake. Mji uliokua kuzunguka boma hilo umebaki na jina hilohilo hadi leo. Si miji mingi ya Tanzania inayoitwa kwa jina la mtu aliyenyongwa na serikali iliyoianzisha.

Mlima Chandamali

Chandamali ni kilima chenye mawe makubwa na pango, kilicho ndani ya eneo la mji. Simulizi za wenyeji zinakitaja kuwa mahali alipojificha Songea Mbano wakati wa vita. Hakuna jengo wala sanamu ya kutazama. Hata hivyo ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa mgeni anaanza na jambo ambalo makumbusho hayawezi kuonyesha kabatini: nchi yenyewe ya vilima na mabonde ambayo Wangoni waliijua kuliko adui yao. Vilima vingine vinavyojulikana karibu na mji ni Matogoro, chanzo cha Mto Ruvuma ulioupa mkoa jina lake.

Makumbusho ya Majimaji

Makumbusho ya Majimaji yako Mahenge, kilomita moja hivi kutoka katikati ya mji, jirani na barabara iendayo Njombe. (Mahenge hii ya Songea isichanganywe na Mahenge ya Mkoa wa Morogoro, ambako pia yalitokea mapigano makali ya Majimaji.) Yalifunguliwa mwaka 1980 na baadaye yakawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania.

Ili kuelewa kinachoonekana hapo ni lazima kujua vita vilivyofikaje Ungoni. Vita vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, karibu na pwani, baada ya mganga Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe kutangaza dawa ya maji iliyoaminika kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wanafunzi wengi wanamfahamu mganga huyo kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile. Ungoni dawa ililetwa na mjumbe Omari Kinjala. Nkosi Mputa Gama wa Njelu na Nkosi Chabruma wa Mshope waliipokea, na katika mwezi wa Septemba Wangoni wakaingia vitani.

Wangoni walikuwa watu wa vita kwa mila na malezi, lakini silaha zao kuu zilikuwa mikuki, marungu na ngao za ngozi ya ng'ombe. Mwezi Oktoba 1905 kikosi cha Kapteni Nigmann kutoka Iringa kiliwashambulia kambini kwao Namabengo kwa bunduki za rashasha na kuwatawanya. Tangu hapo vita viligeuka kuwa vya kuvizia, na jibu la Wajerumani likawa njaa. Mazao yalichomwa, mifugo ikachukuliwa, na watu walikufa kwa kukosa chakula kuliko kwa risasi. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo vya Waafrika katika vita vyote kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja idadi za kufikia 250,000 hadi 300,000.

Ndani ya jengo la makumbusho mna silaha za jadi, vifaa vya maisha ya kila siku na picha za wakati wa vita. Nje ziko sanamu za viongozi wa Wangoni. Sanamu hizi hazikuchongwa kwa kuwatazama watu wenyewe, kwani zimetengenezwa miongo mingi baada ya vifo vyao. Zisomwe kama heshima ya wajukuu kwa mababu kuliko kama picha halisi za nyuso. Inafaa kuzilinganisha na sanamu ya Askari iliyoko Dar es Salaam, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson iliyosimamishwa mwaka 1927. Ile iliwekwa na watawala kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika majeshi yao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na inaonyesha askari asiye na jina. Za Songea ziliwekwa na nchi huru kuwakumbuka waliopigana na watawala, na zimepewa majina.

Makaburi ya mashujaa

Kiini cha eneo lote si jengo wala sanamu bali ni makaburi yaliyo katika uwanja huohuo. Tarehe 27 Februari 1906, baada ya hukumu ya mahakama ya kijeshi, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Wangoni mjini Songea. Hesabu inayotajwa zaidi ni watu 67, na wengi wao walizikwa pamoja katika kaburi la halaiki. Miongoni mwao alikuwemo Nkosi Mputa Gama. Alikuwemo pia mwanamke mmoja, Nduna Mkomanile, na mara nyingi wageni husimama mbele ya jina lake kuliko majina mengine, kwa kuwa vitabu vingi vya vita hivi havitaji wanawake isipokuwa kama wahanga wa njaa. Kabla ya kunyongwa baadhi ya wafungwa walibatizwa na padre Mbenedikto. Chabruma hakukamatwa; alivuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji na akauawa huko.

Kaburi la Songea Mbano liko peke yake, kando ya lile la halaiki. Kwa mujibu wa simulizi za wazee, Wajerumani walitaka kumwacha hai kwa sababu ya heshima aliyokuwa nayo kwa watu, naye akakataa kuishi wakati wenzake wamekwisha kunyongwa. Akanyongwa siku chache baadaye. Simulizi hizohizo zinasema kwamba mwili wake ulizikwa bila kichwa, na kichwa kikapelekwa Ujerumani.

Jambo hili halikuwa geni katika makoloni ya Ujerumani. Mafuvu mengi ya watu wa Afrika ya Mashariki yalisafirishwa kwenda kwenye mikusanyo ya Berlin na miji mingine kwa ajili ya utafiti wa kupima vichwa na kupanga watu kwa mbari, utafiti ambao sayansi ya leo inaukataa. Mwezi Septemba 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu kadhaa kutoka eneo la Kilimanjaro na familia zinazoishi Tanzania. Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaweka shada la maua, akakutana na ukoo wa Mbano na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kumtafuta Songea Mbano katika mikusanyo hiyo, lakini alieleza pia kuwa hawezi kuwahakikishia kwamba fuvu litapatikana, kwa kuwa mengi yalihifadhiwa bila kuandikwa jina la mwenyewe.

Kwa ukoo huo suala si la makumbusho. Mtu aliyezikwa nusu hajazikwa, na kaburi linaloonyeshwa kwa wageni kila siku ni la mtu ambaye ndugu zake bado wanamdai.

Kila mwaka katika siku za mwisho za Februari hufanyika hapo kumbukizi ya mashujaa, ambayo kilele chake ni tarehe 27. Tangu maadhimisho ya miaka 100 mwaka 2006 sherehe hizo zimepata sura ya kitaifa, na huambatana na ngoma za Kingoni. Anayetaka kuona eneo hili likiwa hai aje wakati huo. Anayetaka kusoma majina kwa utulivu achague mwezi mwingine.

Kanisa kuu na Bombambili

Katikati ya mji liko kanisa kuu la Jimbo Kuu Katoliki la Songea, linaloitwa kwa jina la Mtakatifu Mathias Mulumba Kalemba. Mathias alikuwa mmoja wa wafiadini wa Uganda, aliuawa mwaka 1886 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1964 pamoja na wenzake. Songea ilifanywa jimbo mwaka 1969 na jimbo kuu mwaka 1987.

Bombambili yako makumbusho ya Rashid Mfaume Kawawa (1926–2009), waziri mkuu wa Tanganyika mwaka 1962 na wa Tanzania kuanzia 1972 hadi 1977. Kawawa ana nafasi yake pia katika historia ya sanaa nchini: kabla ya siasa alikuwa mwigizaji, na aliigiza katika filamu ya Kiswahili Muhogo Mchungu ya miaka ya 1950.

Abasia ya Peramiho

Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss wa shirika la Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia, wenye makao Bavaria. Mwaka 1905 misheni iliteketezwa na wapiganaji wa Majimaji. Spiss mwenyewe, wakati huo akiwa askofu wa Dar es Salaam, aliuawa Agosti mwaka huohuo akiwa safarini karibu na Liwale. Hivyo Peramiho nayo ina majivu yake ya 1905, na ni vema mgeni aliyetoka kwenye makaburi ya Mahenge ayajue. Wapiganaji hawakutenganisha sana boma na misheni; wote walikuwa wageni weupe waliokuja kwa pamoja.

Misheni ilijengwa upya, na mwaka 1931 ikafanywa abasia. Abate wake wa kwanza alikuwa Gallus Steiger, Mswisi. Kanisa kubwa la abasia lilijengwa kati ya 1943 na 1948, ndani ya miaka ya Vita Kuu ya Pili na ile ya uhaba iliyofuata. Mtindo wake ni wa Kirumi wa zama za kati: kuta nene, matao ya nusu duara na ukumbi mrefu unaomwongoza mtu hadi altareni. Ni mtindo uliokua katika nchi za Ulaya kama Italia na Ujerumani, ukaja kupandwa katikati ya mashamba ya mahindi ya Ungoni.

Kanisa limewekwa chini ya Mtakatifu Benedikto wa Nursia, Mwitalia aliyeanzisha monasteri ya Monte Cassino katika karne ya 6. Ilitokea kwamba Februari 1944, wakati kuta za Peramiho zikipanda, Monte Cassino ilibomolewa kabisa kwa mabomu ya ndege. Kwa miaka kadhaa wanashirika wa Benedikto walikuwa na kanisa linaloinuka Songea na magofu nyumbani kwa mwanzilishi wao.

Peramiho haikuishia kwenye kanisa. Karakana na shule yake ya ufundi zimefundisha waashi na maseremala, na Hospitali ya Mtakatifu Yosefu iliyo hapohapo hupokea wagonjwa kutoka sehemu nyingi za mkoa. Watu wengi wanaoshuka garini Peramiho wanakwenda hospitali, si kutazama matao.