Pande Nne za Dunia na Tumaini la Mwanadamu

Jina la Wasukuma lenyewe ni neno la pande za dunia. Sukuma maana yake ni kaskazini, kama vile dakama ilivyo kusini, kiiya mashariki na ng'weli magharibi. Maarifa haya hayakungoja dira ya sumaku.

Wamisri wa kale nao hawakuwa na dira. Hata hivyo piramidi kuu ya Farao Khufu, iliyojengwa karibu na Cairo katika karne ya 26 K.K., ina pande nne zenye urefu wa meta 230 hivi kila mmoja, nazo zimeelekezwa kwenye pande za dunia kwa kosa lisilofikia hata sehemu ya kumi ya digrii moja. Walikipataje kipimo hicho? Wataalamu hawajaafikiana. Mwaka 2000 Kate Spence alipendekeza kwamba waliziangalia nyota mbili za kaskazini, wakangoja hadi moja iwe wima juu ya mwenzake. Glen Dash naye alionyesha kwamba kivuli cha kijiti kilichosimikwa wima chatosha: siku ambayo mchana na usiku hulingana, ncha ya kivuli hicho huchora mstari wa mashariki na magharibi. Njia hii yafaa hata Shinyanga, ambako Nyota ya Kaskazini haionekani.

Jambo hili latuhusu. Wako wasemao kwamba piramidi zilijengwa kwa uchawi. Na katika machimbo ya dhahabu ya Geita wako wanaomwendea mganga awaonyeshe pa kuchimba. Dai la kwanza lawanyima Waafrika wa kale jasho lao, tendo la pili lamdharau Mungu aliyeiweka mianga mbinguni ili mwanadamu aisome (Mwa. 1:14).

Lakini tusiishie kukisifu kipimo. Mlango wa piramidi ile uko kaskazini, kwenye nyota zisizotua, ambazo Wamisri waliamini kwamba mfalme aliyekufa angejiunga nazo. Kipimo kilikuwa sahihi, tumaini halikuwa. Ezekieli naye aliwaona watu walioelekea mashariki barabara, hali wamelipa kisogo hekalu la Bwana (Eze. 8:16).

Wakristo wa kale walisali wakielekea mashariki, wakimngoja Kristo. Basi wazee wa usharika wakimwuliza mchungaji kanisa jipya lielekee wapi, na asimike kijiti chake, akipenda, lakini awafundishe kwamba madhabahu haitakaswi na upande wa dunia, bali na Neno na Sakramenti.