Nyumba Wazi, Nyumba Iliyofungwa, Nyumba Kiwa

Bati ni la rangi, madirisha yana nondo, na juu ya mlango kuna kibao cha namba ya anwani. Mbarika umeota hadi usawa wa dirisha. Kufuli limeshika kutu. Ukutani, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Nyumba ya namna hii huhitaji kuitafuta Turiani, wala mji mwingine wowote wa Tanzania, utaikuta tu. Muulize mwenye genge la jirani kama nyumba hiyo ni tupu. Atakushangaa kidogo, kisha atakujibu: "Wenyewe hawapo." Hapo ndipo masimulizi yanapoanza: mzee alifariki, watoto wako Dar na Morogoro mjini, mmoja anataka iuzwe na wawili hawataki, kikao cha ukoo kilikaa kikavunjika, na msimamizi wa mirathi hajulikani ni nani. Maandishi yale mekundu hayasemi na mnunuzi peke yake. Ndugu wanaandikiana ukutani.

Umeuliza habari ya utupu, ukajibiwa habari ya watu. Mtafsiri wa istilahi za makazi hana budi kuanzia kwenye jibu hilo.

Watakwimu wa Ulaya wana istilahi ya nyumba iliyokaa bila mtu kwa muda mrefu. Kwa Uingereza maana yake imefungwa kwa kalenda: katika England nyumba huingia kundi hilo ikikaa bila mkazi zaidi ya miezi sita, na habari hizo hutoka kwenye daftari la kodi ya halmashauri. Tangu Aprili 2024 halmashauri za huko zinaruhusiwa kuongeza kodi maradufu kwa nyumba iliyokaa hivyo mwaka mzima bila fanicha za kuishi. Wajapani huziita akiya. Hesabu yao ya 2023 ilizikuta milioni 9, asilimia 13.8 ya nyumba zote za nchi. Kwetu mtu mwenye haraka hutafsiri "nyumba tupu za muda mrefu", akafunga daftari.

Tatizo liko kwenye "tupu". Ugali mtupu ni ugali usio na mboga. Mikono mitupu haina kitu. Tupu huuliza kuna nini ndani, haiulizi kuna nani. Familia iliyohamia jana Madizini, hapo hapo Turiani, ikalala juu ya mikeka bila hata stuli, iko kwenye nyumba tupu. Ile yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa na picha ya marehemu ukutani, ambayo haijalaza mtu tangu matanga, si tupu hata kidogo. Neno limegeuza mambo juu chini.

Kabla ya kwenda mbali, Turiani iwekwe mahali pake, maana wengi huitupia Uluguru kwa sababu tu ni Morogoro. Iko wilaya ya Mvomero, chini ya milima ya Nguru, nchi ya Wanguu. Juu, kuelekea Mhonda na Maskati, ni migomba na iliki. Bondeni ni mpunga, na miwa ya Mtibwa inayofika upeo wa macho. Wapenzi wa mpira wanaijua kwa uwanja wa Manungu, nyumbani kwa Mtibwa Sugar iliyotwaa ubingwa wa ligi 1999 na 2000. Kwa makala hii lililo muhimu ni kwamba miwa na mpunga, kila kimoja kwa kalenda yake, huwatoa watu majumbani na kuwarudisha.

Tuanze na miwa. Msimu wa kusaga unapofika, wakata miwa huja kutoka mikoa mingine, vyumba vya kupanga hujaa, na dalali anatembea kifua mbele. Masika yakianza, kiwanda husimama kwa matengenezo, magari hayaingii mashambani, na wengi hurudi kwao. Vyumba vile vile sasa dalali anavitangaza: "Kipo wazi." Hilo ndilo neno la soko, na ni neno zuri. Chumba kilicho wazi kina mwenyewe, kina bei, kinamngoja mtu. Miezi sita anayoihesabu Mwingereza kwa nyumba isiyo na mtu, huku ni miezi ambayo mwenye nyumba anataka alipwe kodi yote mkupuo kabla hajakupa ufunguo. Pengine ndiyo maana vyumba vingine vinakaa wazi.

Sasa tazama sensa. Sensa zetu zote sita tangu Uhuru, kuanzia ya 1967 hadi ile ya tarehe 23 Agosti 2022, zimefanyika mwezi wa Agosti. Kwa takwimu za taifa huo ni uamuzi wa busara: kiangazi, barabara zinapitika, na kila mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Ila Agosti ya Turiani ni Agosti ya miwa. Karani akipita vyumbani mwezi huo atavikuta vimejaa. Angepita Aprili angekuta makufuli. Mara zote mbili asingekuwa amedanganya. Anayetaka kusema nyumba zisizo na watu zimeongezeka au zimepungua Turiani, na akaacha kuandika mwezi, hajasema kitu.

Mpunga nao una mambo yake. Nafaka ikianza kukomaa, ndege hushuka kwa makundi, na familia huhamia shambani kuamia. Wanalala kwenye kibanda, mchana wako juu ya dungu na makopo na kombeo. Nyumba ya kijijini inafungwa wiki kadhaa, kuku wanaachiwa jirani. Hakuna mtu wa Turiani atakayeiita hiyo nyumba wazi, wala tupu. Imefungwa, basi.

Kiswahili kina kitenzi kinachofanya kazi hii kwa ufasaha kuliko vivumishi vyote, nacho ni kukaa. Nyumba haijakaliwa: ni mpya, inangoja mtu wa kwanza. Nyumba haikaliwi: ina sifa zote, ila kwa sasa haina mtu. Nyumba haikaliki: paa limekwenda, au inavuja, au iko mkondoni mwa mto. Silabi mbili tatu za kitenzi zinatenganisha makundi matatu ambayo mtakwimu angehitaji madodoso matatu kuyapata. Watafsiri wetu wanaipita hazina hii kila siku wakikimbilia vivumishi.

Kisha kuna pagale. Serikalini husema boma, kama lile la zahanati linalosubiri bati. Mtaani ni pagale, nyumba iliyosimama kuta ikakwama. Kwa istilahi ya Ulaya hilo halihesabiwi kabisa, maana si nyumba bado. Lakini chungulia ndani: turubai limefungwa kona moja, moshi unatoka, mtoto anasoma. Mwenye kiwanja amemweka mlinzi, na mlinzi amekuja na mkewe. Pagale linakaliwa. Jengo lililokamilika la jirani, lenye maandishi mekundu, halikaliwi. Ukihesabu majengo kwa macho ukiwa barabarani, utayakosea yote mawili.

Kuhesabu majengo na kaya kwa pamoja nako kunateleza. Sensa ya 2022 ilikuta watu 61,741,120 na majengo 14,348,372. Wastani wa kaya ulikuwa watu 4.3, umeshuka kutoka 4.7 wa 2012. Ukigawanya watu kwa wastani huo unapata kaya kama milioni 14.36, karibu sawasawa na majengo. Mtu wa haraka angefurahi: kila kaya na jengo lake, hakuna kilichobaki. Ila jengo moja la kupanga Madizini lina kaya sita, na kaya moja ya Mhonda ina nyumba kubwa, jiko la nje na banda la vijana. Katika majengo yaliyohesabiwa zimo pia shule, maduka na maghala. Namba mbili zimekutana kwa bahati. Lililo la kweli ni hilo la wastani kushuka: familia zikipungua ukubwa, watu wale wale huhitaji milango mingi zaidi, na milango mingi ina kufuli nyingi.

Muda mrefu una maana gani, basi? Hapa ndipo istilahi ya kigeni inaposafiri vibaya kuliko pote. Miezi sita inafikiri juu ya nyumba inayoweza kusimama bila mtu. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa nyasi haiwezi. Moshi wa jiko ndio unaofukuza mchwa kwenye fito na kukausha nyasi za paa. Moto ukizimika, mchwa wanapanda. Masika moja ikipita udongo unamomonyoka, ya pili inabaki miti, na baada ya hapo mtu analima mahindi juu yake. Nyumba ya aina hiyo haifikii kuitwa isiyokaliwa kwa muda mrefu, maana mchwa wameshaimaliza. Tatizo la nyumba kukaa miaka bila mtu limekuja na tofali la kuchoma, saruji na bati. Kwa hiyo kuongezeka kwa nyumba hizi kunaweza kuwa alama kwamba watu wanajenga imara kuliko babu zao, hata kama wanaohama ni wale wale.

Lugha inalijua hilo tangu zamani. Gofu ni mawe yaliyobaki, kama ya Kaole karibu na Bagamoyo. Hakuna gofu la nyasi. Kwa waliohama bila kuacha kuta tuna hame na tongo: miembe, makaburi na vigae, watu wakaenda. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliacha mahame mengi nchini, na wazee bado wanayatumia kuonyeshana mipaka. Maneno haya ni ya mahali palipohamwa na wengi. Nyumba moja iliyofungwa katikati ya mtaa wenye watu haiingii humo.

Magazeti yamechagua "nyumba iliyotelekezwa". Sipendi. Kutelekeza ni shtaka; ndilo neno tunalomwambia baba aliyewaacha watoto bila matunzo. Lina mahali pake katika sheria: kifungu cha 45 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, kinaruhusu ardhi ya kimila kuhesabiwa imetelekezwa ikiwa haikukaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano. Mitano, si nusu mwaka. Mtunga sheria wetu alijua watu huenda na kurudi. Lakini yatima waliofunga nyumba ya baba wakisubiri mahakama ya mwanzo hawajatelekeza kitu.

Wakati huo huo ipo mashine inayohesabu bila istilahi yoyote. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye ununuzi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa, na 1,500 tangu 2023. Asiyenunua umeme halipi, ila deni halilali. Mtoto wa marehemu anarudi baada ya mwaka, ananunua umeme wa 20,000 ili wageni wa kumbukumbu ya mwaka wapate taa, na 18,000 inakwenda kwenye deni. Mita imehesabu miezi 12 kwa usahihi ambao hakuna karani angeufikia.

Pendekezo langu ni hili. Nyumba inayosubiri mpangaji au mnunuzi iitwe nyumba wazi, kama anavyosema dalali. Ile ambayo wenyewe wametoka kwa msimu ni nyumba iliyofungwa, na isiingizwe kwenye hesabu. Jina la jumla, kwa majedwali, liwe nyumba isiyokaliwa, na kila mara muda uandikwe waziwazi: kwa miezi sita, kwa mwaka, kwa miaka mitano. Na ile ya mbarika dirishani iitwe nyumba kiwa. Ni sifa iliyozaa ukiwa na mkiwa; tumeiachia vitabu vya dini na tenzi wakati bado ina nguvu. Mkiwa hajafanya kosa, amebaki peke yake tu. Nyumba ile nayo haijatelekezwa wala kubomoka. Imefiwa.

BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ndio wenye kuamua, nami ni mpendekezaji tu. Msomaji wa Mhonda, Maskati au Kibati ambaye bibi yake alikuwa na neno la Kinguu au la Kizigua kwa nyumba iliyobaki hivyo, neno hilo naliomba. Likiwa zuri kuliko kiwa, nitaliondoa langu.