Ruvu: Daraja, Mto na Watu wa Kingoni

Basi la Morogoro likishapita Mlandizi huteremka bondeni, huvuka Mto Ruvu, na punde limeingia upande wa Vigwaza. Abiria wachache hugeuza shingo. Naona ni hasara kubwa, maana wilaya ya Kibaha haina mahali pengine penye historia nzito kama hapa mtoni.

Zamani hukuweza kupita hapa bila kusimama. Kuelekea pwani mto uliitwa Kingani, na misafara ya Bagamoyo iliyokwenda bara ilikutana nao mapema. Burton na Speke waliufuata mwaka 1857. Stanley, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alivushwa kwa mtumbwi katika maji yenye viboko. Majina ya wageni hao yamo vitabuni. Wapagazi waliobeba vitambaa na shanga kwenda, wakarudi na pembe za ndovu, wengi wao hawatajwi popote, na bila wao hakuna msafara ambao ungefika ng'ambo.

Reli ndiyo iliyobadili mambo. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule Vita vya Maji Maji vilipowaka kusini. Ilipanda vilima vya Pugu, jirani na Kisarawe, ikapita Soga hadi bonde la Ruvu, na kufikia mwisho wa 1907 ilikuwa imefika Morogoro. Tangu hapo daraja la reli la Ruvu likawa shingo ya koloni: likikatwa, bandari na bara vimetengana. Pande zote mbili za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia zililijua hilo. Agosti 1916 Waingereza walituma kikosi kutoka Bagamoyo kiwahi stesheni ya Ruvu kabla daraja halijaharibiwa, huku Wajerumani wakirudi nyuma na kubomoa madaraja ya njia hiyo. Dar es Salaam ilisalimu amri Septemba 4, lakini mji uliotekwa ulikuwa na reli isiyopitika mpaka madaraja yatengenezwe.

Mwaka 1963 Ruvu ikawa njiapanda, reli ya kuelekea Mnyusi ilipoiunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga. Tangu 2024 treni za umeme za reli ya kisasa nazo hupita bondeni humu, kwa kasi ambayo wapagazi wale wasingeiamini.

Lakini ukishuka kwa miguu hadi kingoni, kinachokushika ni maji yenyewe. Yanatoka milima ya Uluguru, na yakifurika masika huacha udongo unaostawisha mpunga na mboga. Wazaramo na Wakwere wameishi na mto huu vizazi na vizazi, wakilima, wakivua kambale, wakijua mwaka gani wa kuhamia juu.

Maji hayohayo ndiyo yanayoinywesha Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu, hapa Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, mwaka 1976. Baada ya upanuzi, wa kwanza unaweza kuzalisha lita milioni 196 kwa siku na wa pili lita milioni 270. Kisarawe, iliyoteseka na uhaba wa maji kwa miaka mingi ingawa imepakana na jiji, ilifikiwa na bomba la Ruvu Juu mwaka 2020.

Mwishoni mwa 2022 ukame uliushusha mto, na jiji likaingia kwenye mgao. Lawama zikawageukia wanaolima na kuchunga kingoni, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mkulima wa bamia anayeondolewa kingoni ili bomba la jiji lisikauke anastahili kupewa shamba lingine, tena lenye maji, na kupewa kabla hajaondolewa.