Waya mweusi, waya mwekundu: vitabu vya umeme tulivyorithi

Samahani kwa ukimya, bumu lilichelewa halafu test zikanikaba koo. Leo sisemi habari za hosteli wala za foleni ya kantini. Leo ni historia, ila inaanzia juu ya stuli moja huko Mbagala.

Iko hivi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alimaliza kidato cha nne akapata nafasi ya kusoma ufundi umeme ngazi ya kuanzia. Akanifuata hapa Chang'ombe: "Dada, wewe si unasoma ualimu wa Fizikia? Nichagulie kitabu cha kuanzia." Nikajiona msomi kweli kweli! Nikamtolea kitabu changu kinene cha Kimarekani, karatasi zinateleza, picha za rangi, nilichonunua kwa bei ya chai kwa wale wanaopanga vitabu chini mjini. Kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, basi nikadhani ndicho kinachofaa.

Wiki chache baadaye mjomba akamwambia amwekee taa ya uani. Kijana akafungua kitabu. Kitabu kinasema waya mweusi ndio wenye moto, mweupe ni nyutro. Nyumba ya mjomba ni ya zamani, nyaya zake ni nyekundu na nyeusi. Akawaza: nyeupe haipo, lakini nyeusi naiona, basi moto ni huo. Akaukata mweusi, akaweka swichi hapo. Taa ikawaka, ikazimika, watu wakapiga makofi. Mpaka siku globu ilipoungua. Mjomba akazima swichi, akapanda stuli, mkono mmoja kwenye holda, mwingine ameshika bomba la maji. Alirushwa! Tunamshukuru Mungu aliangukia magunia, akateguka mkono tu.

Kwa wasiosoma Fizikia: swichi ikikaa kwenye nyutro, taa inazimika kama kawaida, ila volti 230 zinabaki pale kwenye holda zinamsubiri mtu. Kwenye nyumba ile moto ulikuwa mwekundu. Kijana alifuata kitabu neno kwa neno, na kitabu nacho hakikusema uongo, kilikuwa kinasema ukweli wa Marekani. Aliyekosea ni mimi niliyechagua.

Ndipo nikaanza kujiuliza, hivi hapa kwetu kitabu cha kwanza cha umeme kimekuwa kikichaguliwa na nani, na kwa kigezo gani? Nikapiga msuli maktaba siku tatu, na haikuwa kwa ajili ya UE.

Umeme wenyewe uliingia Dar es Salaam mwaka 1908, enzi za Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na upande wa mji walikokaa wakoloni. Mwaka 1931, chini ya Waingereza, kazi ikaenda kwa kampuni mbili binafsi, DARESCO na TANESCO. Hapo ndipo tuliporithi vitu ambavyo hakuna anayeviuliza leo: volti zetu, mizunguko 50 kwa sekunde, baadaye na ile plagi ya miguu mitatu ya bapa ambayo Waingereza waliipitisha mwaka 1947. Rangi za nyaya vilevile. Nyekundu moto, nyeusi nyutro, kijani ethi.

Chuo cha ufundi mjini kilianza mwaka 1957 kwa jina la Dar es Salaam Technical Institute, hiki tunachokiita DIT tangu 1997. Kwa wanaoanza umeme, kitabu kilichotamba katika nchi zilizofuata mfumo wa Kiingereza ni Electrical Technology cha Edward Hughes, mwalimu wa Brighton, kilichotoka mwaka 1960. Mwenyewe ameshafariki siku nyingi lakini wengine wamekuwa wakikihuisha, na jina lake bado liko kwenye jalada. Na nitasema jambo ambalo wenzangu wa semina za ukoloni watanizomea: kwa fundi wa Temeke, kitabu cha Mwingereza wakati ule kilikuwa na faida moja kubwa. Waya uliokuwa kwenye mchoro ndio uliokuwa ukutani. Shida yake ilikuwa pengine. Kilimdhania msomaji kuwa kijana aliyekulia kwenye Kiingereza na hesabu za shule za kwao, na kijana wa Tandika hakuwa huyo.

Baada ya Uhuru mambo mengi yalibadilishwa. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikashika shule za msingi zote. Mwaka 1973 Baraza la Mitihani likaanzishwa, na mwaka huohuo Chuo Kikuu pale Mlimani kikafungua Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Wajerumani wa Magharibi. Mtihani wetu, wahandisi wetu. Sasa fungua rafu ya shule ya sekondari, hata miongo kadhaa baadaye: Abbott ya 1963, na kwa kidato cha tano na sita Nelkon na Parker ya 1958. Mimi mwenyewe nimesomea Abbott lisilo na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mende. Mtihani ulihamia nyumbani, kitabu kikabaki ughaibuni.

Kisha kuna Mhindi, na hapa nakaa kidogo maana huyu ndiye bingwa. B. L. Theraja alitoa A Textbook of Electrical Technology mwaka 1959, na ukimuuliza mwanafunzi yeyote wa umeme hapa Dar atakutajia hilo jina kabla ya la mhadhiri wake. Rafiki yangu anayesoma uhandisi husema, "Theraja ndiye anayefundisha, hawa wengine wanakuja kusaini mahudhurio." Siri yake si maelezo. Maelezo yake ni makavu, samahani mashabiki. Siri yake ni bei ya chini na mifano iliyofanywa mpaka jibu la mwisho, mamia kwa mamia. Mwanafunzi asiye na wa kumuuliza usiku anahitaji kitu hicho hasa. Tena India nayo ilirithi mfumo wa Mwingereza, kwa hiyo namba za kwenye maswali zinafanana na za kwetu. Asiyeweza kukinunua anatoa kopi sura mbili steshenari, na hapo kinageuka kuwa desa, kinapita mkono kwa mkono hadi tarakimu hazisomeki.

Lakini hivyo vyote ni Kiingereza. Na hili lingeweza kuwa tofauti, jamani. Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Makwetta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1990 TUKI wakatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Nimeishika mkononi, nikasikia uchungu. Kazi nzito ya istilahi ilifanyika, ila darasa la sekondari la kuzitumia halikuwepo. Matokeo yake mwanafunzi anajifunza saketi kwa Kiswahili shule ya msingi, anaanza upya kwa Kiingereza kidato cha kwanza, halafu akienda saiti anakuta mafundi wana lugha yao ya tatu: moto, stimu, nyutro, ethi. Mdogo wangu alikuwa anajua neno la kitabuni na neno la mafundi, hakujua kwamba ni kitu kimoja.

Kuhusu nani anachagua, nitapita haraka maana ni siasa. Tangu 1975 kulikuwa na taasisi ya serikali ya mitaala, ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Elimu Tanzania. Miaka ya 1990 wachapishaji binafsi wakaruhusiwa, mwaka 1999 ikaundwa kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC. Mwaka 2013 Mbunge James Mbatia alipeleka bungeni hoja juu ya udhaifu wa elimu yetu, vitabu vikiwemo, na mwaka huo EMAC ikavunjwa, kazi ikarudi Taasisi. Sasa kuna mtaala mpya wenye mkondo wa amali, watoto wa sekondari wanaanza ufundi mapema. Kwa hiyo swali la mdogo wangu linakuja kuulizwa na wengi.

Na rangi zenyewe hazikutulia. Waingereza walianza kubadilisha mwaka 2004: moto ukawa kahawia, nyutro bluu. Halafu kwenye umeme wa fezi tatu, mweusi siku hizi ni mmoja wa nyaya za moto! Yaani waya mweusi uliokuwa nyutro wa babu unaweza kuwa moto wa mjukuu. Madukani Kariakoo nimeona zote, za zamani na za sasa, rafu moja.

Safari hii nilirudi kwa wauza vitabu nikiwa na maswali. Mfano wa kwanza ni wa volti 230 au 120? Mizunguko 50 au 60? Rangi ni za wapi, na za mwaka gani? La mwisho lilikuwa la mdogo wangu mwenyewe: nilimpa ukurasa mmoja, nikamwambia amweleze mjomba kwa Kiswahili bila kusoma. Vitabu viwili tuliviacha pale pale kwa sababu ya hilo.

Tukachukua Hughes ya zamani, kava limeungwa kwa gundi. Ndani ya jalada nimechora jedwali la rangi kwa mkono, nyumba za zamani upande huu, za sasa upande ule, Marekani chini kabisa kwa kalamu nyekundu. Theraja atakopi akianza hesabu za mota. Mjomba amepona, ila siku hizi hagusi hata feni mpaka apime kwa testa, na swichi ya uani aliihamisha fundi mwingine. Kijana alisimama pembeni akishika tochi.

Haya, Jumatatu nina test ya mbinu za kufundishia na sijafungua daftari. Tuonane wiki ijayo.