Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba tuzungumze juu ya baiskeli. Najua wako watakaosema mtangazaji kaishiwa na mada. Nivumilieni, maana habari hii nusura inigharimu mtoto.

Nilimnunulia binti yangu baiskeli ya mtumba, ile ya milimani yenye matairi manene. Mbele, penye pedali, ilikuwa na magurudumu matatu ya meno: la meno 44, la 32 na la 22. Nyuma yalikuwa tisa. Tatu mara tisa, gia 27. Binti akalalamika kwamba hajui atumie ipi, na kibadilisha gia cha mbele kilikuwa kimeshika kutu. Nilikuwa nimesoma kwamba baiskeli mpya za milimani zina gurudumu moja tu la meno mbele. Basi nikashika spana, nikang'oa kibadilisha gia cha mbele na waya wake, nikaondoa gurudumu kubwa na dogo, nikaacha la katikati. Nikajiona fundi.

Siku ya tatu binti alishuka mteremko wenye mashimo. Alipofika chini akakanyaga pedali kwa nguvu avuke barabara kuu. Kumbe cheni ilikwisha kuchomoka. Pedali ikazunguka bure, naye akaanguka mbele ya lori. Dereva aliwahi breki. Goti lilishonwa nyuzi nne.

Fundi wa pale sokoni aliitazama baiskeli, akaniuliza swali moja: "Mwandishi, hicho ulichong'oa kilikuwa kinafanya kazi gani?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta katika historia.

Katikati ya miaka ya 1970, kwenye Mlima Tamalpais, kaskazini mwa San Francisco huko Marekani, vijana walikuwa wakishuka kwa baiskeli kuukuu za gia moja, zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume. Oktoba 1976 walianzisha mashindano waliyoyaita Repack, kwa kuwa kila wakishuka grisi ya breki iliungua, ikabidi kujaza upya. Kushuka kulikuwa raha. Kupanda, walizisukuma. Gary Fisher na wenzake wakazifunga gia ili mlima uliowashusha uwapandishe pia. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, moja ya baiskeli za kwanza za milimani kutengenezwa kwa wingi: tatu mbele, tano nyuma, gia 15. Baadaye za nyuma zikaongezeka hadi tisa na zaidi.

Sasa sikiliza kosa langu. Gurudumu la katikati katika yale matatu limechongwa makusudi ili liiachie cheni kwa urahisi, ihamie kwa jirani yake. Na kile kibadilisha gia cha mbele, mbali na kuihamisha cheni, kilikuwa pia ukuta wa kuizuia isianguke. Mimi nilibomoa ukuta, nikaacha mlango wazi.

Wenye viwanda hawakung'oa tu. Mwaka 2012 kampuni ya SRAM ya Chicago ilitoa mtambo wa gurudumu moja mbele na 11 nyuma, kuanzia meno 10 hadi 42. Pingili za cheni zina nafasi pana na nyembamba kwa kupokezana. Basi na meno ya mbele yakachongwa vivyo hivyo, jino nene, jino jembamba, yakaibana cheni barabara. Vibadilisha gia vya nyuma navyo viliwekewa klachi ndogo ya kuzuia cheni isirukeruke. Mwaka 2016 ukaja wa 12 nyuma, wenye meno hadi 50.

Tupige hesabu. Baiskeli ya binti yangu ilikuwa na 22 mbele na 34 nyuma kwa mlima mkali: pedali ikizunguka mara moja, tairi huzunguka mara 0.65. Mtambo mpya wenye 32 mbele na 50 nyuma hutoa 0.64. Ni wepesi ule ule. Lakini yangu, baada ya spana, ilibaki na 32 kwa 34, yaani 0.94. Mbali na kumwangusha, nilikuwa nimemwongezea mlima.

Fundi aliagiza gurudumu la meno 30, lenye jino nene na jembamba, akakunja kipande cha bati kuwa kizuizi cha cheni. Haijachomoka tena. Hata hivyo, pale kwenye kilima cha nyumbani, alipokuwa akipanda juu ya kiti, sasa binti anashuka na kusukuma. Hajanilaumu. Namwona dirishani.

Ndugu msikilizaji, tunapenda kupunguza: maofisini, mashuleni, hata katika mila zetu. Kupunguza si dhambi. Lakini kazi ya kile kinachoondoka haiondoki nacho. Lazima apatikane wa kuibeba, la sivyo ataibeba mtoto. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami nasema, ukiona kimerahisishwa, uliza kwanza kazi imehamia wapi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.